Kundi la Saba la Wateja wa Mwanana

Mimi ndiye niliyewapa majina. Nakiri mapema, maana nawajua watu: jambo likiharibika, mashine ndiyo hutwishwa lawama. Kioo cha duka letu kina mdomo, tena wa kelele, lakini si wa kujitetea.

Duka lenyewe, Mwanana, liko barabara kuu ya Moshi mjini, na kioo ninachokisema kimesimama karibu na mlango, kirefu kuliko mlango wenyewe. Mteja akivuka kizingiti, kabla hajamaliza kusema hodi, kimeshampima: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa hatua, hata mguu anaouegemea. Akifika kaunta kimeshamweka kwenye kundi lake, na mitambo ya nyuma imeshaanza kuvuta uzi. Baada ya dakika arobaini gauni liko mezani, limekatwa sawasawa na mwili, bila hata uzi wa ziada.

Makundi yako kumi na moja. Kioo kiliweza kuona kwamba wateja fulani wanafanana, lakini hakikujua kwa nini, ndipo wakaniajiri mimi, Haikaeli Mlay, fundi cherehani wa barazani kwa miaka ishirini, niwe mtambuzi wa wateja. Nilikaa miezi minne kwenye kigoda nikiwatazama watu, kisha nikaandika ni akina nani na wazungumziwe vipi. Kundi la Kwanza nikaliita Mwenyekiti wa Kamati: mama mwenye simu mbili, anayeagiza sare za harusi za watu arobaini na kusahau ya kwake. Kundi la Nne ni Kijana wa Usaili, anayenunua shati moja jeupe na kuuliza mara tatu kama linahitaji pasi. Kundi la Tisa ni Baba Aliyetumwa, anayesimama katikati ya duka na picha kwenye simu akiomba Mungu asiulizwe swali. Matawi yote ya Mwanana yaliyachukua majina yangu, na mimi nikavimba kichwa, sitaki kudanganya.

Kundi la Saba nikaliita Anayejipenda. Ni mteja ambaye vipimo vyake vimeshuka mara tatu mfululizo. Chini yake niliandika hivi: "Amejitahidi na anafurahi. Mpongeze. Mpe mkanda wa zawadi." Niliandika kwa dakika moja, nikaenda kunywa chai.

*

Mwalimu Anasia Mmari alikuja Jumanne moja ya Agosti, saa tatu asubuhi. Alinifundisha jiografia darasa la tano, na fimbo yake kwa ajili ya mto Pangani naikumbuka hadi leo. Ndiye mwalimu aliyewafundisha watoto wa Moshi kuchora theluji ya Kibo kwa chaki nyeupe, na theluji ilipoisha mlimani, ndiye aliyesimama mbele ya darasa akaifuta ubaoni. Sasa alikuwa mstaafu wa miaka sitini na saba.

"Hongera sana, Mwalimu!" kioo kikapaza sauti kabla sijamwamkia. "Umepungua inchi mbili na nusu tangu Juni. Unapendeza! Chukua mkanda wako wa zawadi."

Droo ya chini ikafunguka, ikatoa mkanda mwekundu. Mwalimu akauokota kwa vidole viwili.

"Huu ni wa tatu," akasema. "Mbuzi wangu wote sasa wana kamba."

Nikacheka. "Shikamoo, Mwalimu. Leo tukupatie nini?"

"Marahaba. Lilelile, Haika. La kijani, la mifuko miwili."

Lilikuwa gauni la tano la aina hiyo tangu Pasaka. Safari hii akatoa kwenye mkoba gauni la zamani na kulitandaza kaunta. "Ila nina ombi. Nataka jipya lichakae. Lipauke mabegani kama hili. Vifungo hivi uvihamishie huko. Na hili doa la wino hapa mfukoni, nalo nalitaka."

"Mwalimu, watu huja dukani kutafuta nguo mpya!"

Hakucheka. Akavuta kiti akakaa taratibu, na alipoweka mkono kaunta nikaiona saa yake. Alikuwa ameivuta juu hadi katikati ya mkono, maana kwenye kifundo isingekaa. Fundi akishazoea kushika mikono ya watu haambiwi mara mbili. Nikaona aibu ya kile kicheko changu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla ya Pasaka. Daktari ameshasema yake. Dawa nakunywa. Zikinisaidia, tutamshukuru Mungu."

"Na binti yako Itikija, anajua?"

"Hajui, na hatajua mpaka harusi ipite." Akaanza kukunja lile gauni kuukuu, akalikunjua, akalikunja tena. "Baba yake alipofariki aliahirisha harusi. Miaka miwili kijana wa watu amemsubiri. Imepangwa Oktoba. Nikimwambia, ataahirisha tena, namjua mwanangu. Nitakuwa mzazi aliyekaa mlangoni kumzuia mtoto asitoke. Sitaki, Haika. Nikivaa gauni linalonitosha, ananiona mama yake. Nikivaa linaloning'inia, anauona ugonjwa."

Nikamwapia kwa jina la marehemu mama yangu kwamba mdomo wangu hautasema neno. Mitambo ilipolitoa gauni jipya nililipeleka uani mwenyewe, nikasugua mabega kwa msasa laini, nikahamisha vifungo, na doa la wino nikalitia kwa kalamu yangu. Mwalimu alilikagua kama anavyokagua daftari. Akaniambia doa langu liko juu mno kwa nusu inchi, nikalirudia.

*

Kila Ijumaa kioo huniuliza maswali kuhusu wateja kinaowatilia shaka. Maswali hutokea kwa maandishi, pembeni, ninayaona mimi na meneja tu. Ijumaa ile kiliandika:

*Anasia Mmari. Ana alama za Kundi la Saba. Lakini hatabasamu anapopongezwa, na hatua yake imefupika. Je, ni wa Kundi la Saba? Ukijibu hapana, chagua sababu.*

Sababu zilikuwa nne: uzazi, mazoezi, maradhi, makosa ya kipimo. Nikasoma na kanuni iliyo chini yake, ingawa naijua kwa moyo. Mtambuzi akichagua maradhi, kioo humpelekea taarifa jamaa aliyeandikwa kwenye daftari la familia. Ilitungwa kwa nia njema, baada ya mzee mmoja kuanguka dukani na watu kukosa wa kumpigia. Na daftari la familia ya akina Mmari lilifunguliwa na Itikija, kwa ajili ya sare za harusi.

Meneja wetu, Rwezaura, kijana wa Bukoba mwenye roho nzuri na haraka nyingi, akachungulia begani kwangu. "Mama, jibu tu ndiyo. Akapewe mkanda wake, yaishe."

"Na nisipojibu?"

"Ijumaa ijayo kitajijibu chenyewe. Na kikijijibu, unajua, huwa hakikosei sana."

Hapo ndipo hofu iliponishika. Nikijibu ndiyo, Mwalimu ataendelea kupigiwa vigelegele kwa kila kilo inayomtoka, na uongo huo utafundishwa matawi yote. Nikijibu hapana, binti yake atapata habari kwa simu, akiwa kazini, kutoka kwa kioo cha duka la nguo. Nikinyamaza, nina siku saba.

Kabla ya kuzima nikakiuliza: katika Kundi la Saba la tawi letu, ni wangapi hawatabasamu wanapopongezwa? Kikajibu mara moja, kwa kuwa siku zote kilikuwa kinajua na hakuna aliyekiuliza. Wanawake mia mbili na kumi na wawili. Wasiotabasamu, themanini na mmoja.

Huku mlimani, mtu akikutana nawe umepungua, haanzi kwa hongera. Anakuuliza, "Kwema nyumbani?" Nimekulia katika swali hilo. Nimeliuliza barazani maelfu ya mara nikiwa na futi shingoni. Halafu nikapewa kiyoyozi na kigoda, nikaandika "anafurahi." Wanawake themanini na mmoja wametoka hapa na mkanda mwekundu mkononi, na mimi ndiye niliyewapa. Siku ile nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

*

Jumatano Itikija akaingia dukani. Ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mhandisi wa maji, anayetembea kama mtu anayechelewa hata akiwa amewahi. Hatabasamu nusunusu, akitabasamu ni meno yote.

"Shikamoo, anti Haika! Nimekuja kuona sare."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo mbele."

Kioo hakionyeshi nguo tu. Kwa sare kinaonyesha siku yenyewe: kinachukua vipimo vya kila mtu kwenye daftari la familia, kinakadiria atakuwa na mwili gani siku ya sherehe, kisha kinawapanga wote wamevaa. Wakatokea mashangazi kwa rangi ya zambarau, wajomba, watoto wa maua, na katikati mama mzaa chema katika gauni la dhahabu. Alikuwa mwembamba kuliko wiki iliyopita, lakini amependeza.

"Ona mama!" Itikija akapiga makofi. "Kajipenda uzeeni. Nikimuuliza anasema ameacha sukari."

Nikasema ndiyo, au nikaguna tu, sikumbuki.

"Sasa anti, nionyeshe na ya Krismasi. Mwaka huu ukoo mzima tunapanda nyumbani, na mume wangu atakuwa amekuja rasmi. Nataka wote kijani, rangi ya mama."

Nilitafuta kisingizio, lakini kioo hakihitaji ruhusa yangu. Mwenye daftari akisema, kinatii. Wale wa zambarau wakafutika, wakatokea tena kwa kijani, mmoja baada ya mwingine, watu thelathini kasoro mmoja. Katikati yao palibaki nafasi ya mtu. Pale chini pakaandikwa: *Anasia Mmari. Hakuna nguo ya kipimo hiki.*

Itikija akasogea. Akagusa ile nafasi kwa kidole, kama mtu anayefuta vumbi.

"Kimeharibika?"

Nilikuwa na jibu la uongo mdomoni, tayari kabisa. Neno moja tu, angeondoka anacheka. Nilikuwa na jibu la kweli pia, na kiapo cha mama yangu juu yake. Nikasimama pale kama mwanafunzi aliyeulizwa mto Pangani.

"Anti, mbona umenyamaza?"

Nikafungua droo yangu, ile ya chini isiyo ya kioo, nikatoa futi yangu ya zamani, ya njano, ambayo namba zake za mwanzo zimefutika kwa vidole.

"Kioo hiki hakijawahi kumgusa mama yako," nikamwambia. "Kinapima kwa macho tu. Mimi nataka vipimo vya mkono. Nenda nyumbani ukampime wewe. Kifua, kiuno, mkono hapa juu. Umpime akiwa na shimizi tu, siyo juu ya gauni."

"Mimi? Mimi sijui kushona, anti."

"Kuzungusha mikono kiunoni kwa mama yako kunataka ufundi gani?"

Akanitazama. Itikija ni mhandisi. Mtu akikwepa swali anajua. Lile tabasamu la meno yote likaondoka polepole. Akaizungusha futi kwenye kiganja chake, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga. Nilikitazama kioo na ile nafasi bado ipo, nikakiamuru kizime.

Sikulala vizuri siku hizo mbili. Nilijiambia sikusema neno, na moyo wangu ukaniambia nisijifanye mjanja.

*

Ijumaa asubuhi swali lilikuwa linanisubiri pembeni mwa kioo, na chini yake saa zikihesabika. Saa nne kamili Itikija akaingia. Macho yalikuwa yamevimba, lakini nywele kazisuka vizuri. Akaweka karatasi kaunta, vipimo vitatu kwa mwandiko wake.

"Mkono nimeupima mara tatu," akasema. "Nilidhani sijui kuisoma futi yako."

"Mwanangu..."

"Nilipomzungushia kiunoni, mikono yangu ikakutana nyuma, ikapitiliza. Yeye akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Tukakaa kitandani hivyohivyo mpaka chai ikapoa." Akapangusa pua kwa kiganja. "Kitu cha kwanza alichosema ni nisiahirishe."

"Na wewe?"

"Nani kasema naahirisha? Tumeiwahisha. Ni Jumamosi ijayo. Mwenyekiti wa kamati amezima simu zote mbili."

Nikacheka na machozi yakanitoka, na yeye pia, tukashikana mikono juu ya kaunta mbele ya kijana aliyekuja kununua shati jeupe. Maskini akajifanya anatafuta vifungo sakafuni.

Hapo Mwalimu Anasia akaingia nyuma ya binti yake, taratibu, kavaa gauni la kijani lenye doa langu la wino.

"Hongera sana, Mwalimu!" kioo kikaanza. "Umepungua..."

"Nyamaza!" nikakikemea, na kikanyamaza. Katika miaka sita sikuwahi kukikemea. Rwezaura akatoa kichwa ofisini, akaona sura yangu, akakirudisha.

Mwalimu akakaa. "Uliniapia," akasema.

"Sikusema neno, Mwalimu."

"Usiniletee ujanja wa darasa la tano. Hukusema, ukamtuma mtoto akasome mwenyewe."

Nikainamisha kichwa. "Nilimtuma. Nisamehe."

Sikuthubutu kukaa. "Nimekukasirikia siku mbili nzima," akasema. "Leo asubuhi Itikija akapiga magoti akanivalisha viatu. Haika, sikujua kama nilikuwa nimechoka kuinama kiasi kile." Akatazama pembeni. "Basi. Maliza kazi yako. Naona hicho kidude kinakusubiri."

Ni kweli kilikuwa kinasubiri. Nikajibu: hapana, si wa Kundi la Saba. Kwenye sababu sikuchagua hata moja kati ya zile nne. Nikaandika kwa mkono: *Mimi sijui, na wewe hujui. Mwulize mwenyewe yu hali gani, kisha usubiri jibu. Waulize hivyo wote mia mbili na kumi na wawili. Hongera na mikanda nimefuta.*

*Sababu hii haimo kwenye orodha,* kikaandika.

*Basi iongeze,* nikaandika.

Kilikaa kidogo. Mitambo ya nyuma ikanyamaza, jambo ambalo halitokei mchana. Kisha kioo kikasema, kwa sauti ya chini niliyokuwa sijawahi kuisikia: "Mwalimu Anasia, karibu. Kwema nyumbani?"

Halafu kikasubiri. Kwa kawaida hakisubiri mtu.

Mwalimu akakitazama kwa jicho lake la ubaoni. "Nimechoka," akajibu. "Lakini nipo."

"Asante kwa kuniambia," kikasema, na hakikuongeza kitu.

Gauni la dhahabu la harusi kikalikata palepale, sawasawa, bila tabu. Lilipofika suala la Krismasi, Itikija akakitajia tarehe, na kikarudia neno lake lile: hakuna nguo ya kipimo hiki. Sikubishana nacho. Nilikwenda stoo, nikavuta cherehani yangu ya miguu kutoka nyuma ya maboksi, nikaipuliza vumbi, nikaiweka katikati ya duka mbele ya wateja wote. Kitambaa cha kijani nikakitandaza mezani, nikachora mshono kwa chaki, kisha nikachora mstari mwingine nje yake.

Mwalimu akainuka kuja kutazama. Hakuna mchoro unaompita. "Huo mstari wa pili ni wa nini?"

"Akiba. Kitambaa kinachobaki ndani ya mshono. Sisi mafundi wa barazani huacha vidole viwili. Hapa naacha vinne."

"Vinne? Unashonea mtoto anayekua? Mimi napungua, Haika."

"Kupunguza hakuhitaji akiba, Mwalimu. Akiba ni ya kuongeza."

Akaipapasa ile chaki kwa kidole, kwa uangalifu, asiifute. Kisha akavua saa yake kule juu ya mkono, akampa binti yake amshikie. Itikija akashika ncha moja ya futi, mimi nikashika nyingine, na Mwalimu Anasia akainua mikono apimwe.